Voliumu ya transfoma na fono ya santuri

Ukifunga voliumu ya transfoma (kidhibiti sauti kinachotumia transfoma) kati ya fono (kikuzaji cha mawimbi madogo ya santuri) na pawa amplifaya, kagua kwanza kapasita iliyo kwenye njia ya kutokea ya fono. Besi huharibikia hapo! Koili ya transfoma ya henri 100 ikikutana na kapasita ya mikrofaradi 1, huvuma karibu na hezi 16, na mitetemo ya chini kabisa hutikisa koni za spika bure. Weka mikrofaradi 10. Mvumo hushuka hadi hezi 5. Kuiondoa kapasita kabisa ni hatari: hata DC (umeme wa mkondo mmoja) kidogo hushibisha kiini cha transfoma, yaani hukijaza usumaku hadi kishindwe kufanya kazi vizuri. Fono ya valvu ya ECC83 isiyo na bafa (hatua ya kusukuma mzigo) haiwezi mzigo huu, tafadhali msiilazimishe. Na ukuzaji? Katriji (kichwa chenye sindano ya santuri) ya milivolti 5 ikikuzwa dB 46, yaani karibu mara 200, hutoa volti 1.