Ngozi za wateja wangu wa Mtwara

Nauza duka la vipodozi, lakini faundesheni, ile rangi ya kupaka uso mzima ifanane na ngozi, siuzii ndani. Mteja akishaniambia anayoitaka, namwambia, "Dada, njoo kwanza hapa barazani." Taa yetu ni nyeupe kali, na chini yake karibu kila rangi inaonekana imekubali. Nje kwenye mwanga wa mchana ndipo utajua. Nampaka kidogo kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo, maana mgongo wa mkono una rangi yake na uso una yake. Halafu tunangoja dakika chache, kwa sababu faundesheni nyingi hubadilika kidogo zikishakauka na kukutana na mafuta ya ngozi. Ikipotea usiione, ndiyo hiyo. Ikiacha kijivu, tunafuta, tunajaribu nyingine.

Tabu ni kwamba hiyo nyingine mara nyingi haipo. Mzigo wetu unatoka Kariakoo, na boksi likifunguliwa, rangi nyingi ni za watu weupe na wa maji ya kunde. Za watu weusi huja chache, na ndizo zinazoisha mapema. Duka letu liko karibu na soko kuu la Mtwara mjini, wateja wengi ni Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu wenye weusi uliokolea, mzuri sana. Roho inaniuma nikimwona bi harusi anatoka saluni uso umepauka, shingo ikisema kweli. Siku hizi daftari la oda naandika mimi, na rangi za weusi naziandika juu kabisa ya ukurasa. Bosi alinung'unika mwanzoni, akaacha alipoona zinavyotoka.

Kuagiza kwenyewe si jambo dogo. Kutoka Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 500, na mzigo wetu wote unapita barabara hiyo moja ya kusini. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta zile mvua, barabara ilikatika upande wa Somanga, Kilwa, na mzigo ukakwama. Rafu zilibaki na vitu visivyotoka tu. Mama mmoja mwenye saluni alikuja kila asubuhi kuulizia dawa ya nywele, nami nikawa sina cha kumpa zaidi ya pole.

Kisha kuna joto. Rangi za mdomo nimezishusha rafu ya chini, mbali na mlango, maana juu karibu na bati zinalainika hadi zinatoa jasho. Mteja haoni hilo akinunua, ataliona nyumbani. Jambo jingine ambalo wengi hawalitazami: nyuma ya chupa kuna kichoro cha kikopo kilichofunguliwa, ndani kimeandikwa 6M au 12M. Maana yake, ukishafungua una miezi sita au kumi na miwili ya kutumia. Nawaonyesha wateja wote, hasa wa wanja na maskara, kwa sababu vitu hivyo vinakaa jichoni.

Mwezi wa kumi na mbili duka linajaa. Pesa ya korosho inakuwa imeanza kufika mikononi, na shule zikifungwa kuna shughuli za kuwatoa wali. Kungwi au shangazi anakuja na orodha kichwani: mafuta, poda, wanja, marashi. Hapo shikamoo zinakuwa nyingi na punguzo linaombwa kwa sauti ya upole ambayo huwezi kuikatalia. Vijana wa kiume nao huja kwa marashi ya kupima, wananusa kila chupa mpaka pua inachoka, wanaishia kuchukua ileile waliyoinusa mwanzo.

Mteja niliyejifunza mengi kwake ni mama mwenye mtoto mwenye ualbino. Alikuwa akizunguka mjini anaulizia mafuta ya kuzuia jua, na duka moja lilimwambia losheni yoyote nzito inatosha. Haitoshi. Losheni ya kawaida hulainisha ngozi, jua inaliacha lipite. Anayehitaji kinga atafute iliyoandikwa SPF, kipimo cha kinga ya jua, 30 au zaidi, ampake mtoto kabla hajatoka, arudie kila baada ya saa mbili akiwa nje, na bado avae kofia pana na mikono mirefu. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya aina hiyo yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nilimwambia aulizie kliniki ya ngozi. Sisi wenyewe tukaanza kuweka chupa chache. Hazitoki haraka, na bosi anaziangalia kwa jicho la hesabu, lakini nimemwomba ziwepo daima. Anayezihitaji hana kingine cha kununua badala yake.

Na mkorogo, zile krimu za kujichubua. Wanaoutaka hawausemi kwa jina. Wanasogea karibu na kaunta, wanauliza, "Ile ya kung'arisha ipo?" Najibu haipo, na haipo kweli. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Zamani TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ndiyo ilisimamia, tangu 2019 ni TBS, shirika la viwango, na wakaguzi wakija wanasoma lebo. Hata mimi nasoma. Ukiona calomel, hiyo ni zebaki kwa jina jingine, na zebaki huharibu figo. Kuna na krimu za steroidi, ambazo ni dawa za hospitali, watu wanazipaka uso mzima kila siku. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, ukiacha ghafla uso unawaka. Haya nayasema taratibu, kama ninavyomsemesha dada yangu, kwa sababu anayekuja kuuliza mara nyingi kuna mtu amemwambia neno baya kuhusu rangi yake. Wengine wanakaa tunaongea. Wengine wanaondoka, na najua wanakoelekea.

Lakini wanaonigusa kuliko wote ni kina mama wanaobangua korosho. Hawaulizi habari ya uso. Wanaweka viganja juu ya kaunta na kusema, "Mwanangu, nipe cha kutoa huu weusi." Korosho zetu nyingi huuzwa ghafi, zinakwenda India na Vietnam, ila kuna zinazobanguliwa hapahapa, viwandani, kwenye vikundi na majumbani. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Yakigusa kidole kila siku, ngozi inakuwa nyeusi, inakakamaa, inabambuka, na chini yake panabaki pekundu. Nimeshika mikono ya mama ambaye kidole gumba hakikuwa tena na mistari yake.

Hawa ndio ambao krimu ya kung'arisha ingewaumiza kupita wote, kwa kuwa ngozi iliyoungua inanyonya kila kitu. Nawaambia ukweli ambao hauna faida kubwa kwa duka: weusi ule utatoka wenyewe ngozi ikijivua, kinachotakiwa ni usiongezeke. Kabla ya kazi wapake mafuta ya nyonyo au ya nazi viganjani na katikati ya vidole, wengi wao walifundishwa hivyo na mama zao. Wavae glavu kama zipo. Baada ya kazi wanawe kwa sabuni laini, si kwa mchanga wala jiki. Usiku, mafuta ya mgando, yale ya bei ndogo kabisa, yasiyo na manukato, mengi, na soksi kuukuu mkononi mpaka asubuhi. Penye kidonda, si kwetu, ni hospitali ya Ligula.

Tatizo la glavu ni kwamba zile nyembamba za plastiki zinachanika, na zile nene zinawafanya wavunje kiini, na kiini kikivunjika bei inashuka. Mama mmoja alinieleza hilo kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zote. Tukajaribu pamoja pale barazani, nikamvisha aina moja baada ya nyingine, akawa anashika kijiti cha wanja kama kisu chake cha kubangulia. Zilizomfaa ni za mpira za kubana, saizi ndogo. Nimeziandika kwenye daftari chini ya zile rangi za faundesheni, boksi mbili kwa kuanzia, na bosi ameshasaini.