Pumu na chakula: tunachokisingizia na tusichokiona

Mtoto akishaambiwa ana pumu, katika nyumba nyingi ninazozijua hapa pwani huanza kukatazwa vyakula: maziwa kwa kuwa yanaleta makohozi, ndizi na machungwa kwa kuwa ni vitu vya baridi, mayai kwa tahadhari tu, na hatimaye hata samaki. Mimi ninaishi na pumu tangu utotoni na nimezipitia marufuku hizo zote, na msimamo wangu ni kwamba kwa wagonjwa walio wengi chakula si kichochezi kikuu. Mafua, moshi, vumbi la godoro, hewa baridi na mazoezi hukitangulia kwa mbali. Maziwa hayaongezi makohozi mapafuni. Yanapochanganyika na mate huacha utelezi mzito kooni, na utelezi huo ndio unaodhaniwa kuwa kohozi. Kumnyima mtoto maziwa na mayai bila sababu iliyothibitishwa ni kumpunguzia lishe huku pumu yake ikibaki palepale.

Hata hivyo, wapo ambao chakula huwabana kifua kweli, nami ni mmoja wao, kwani sili kamba wala kaa. Mzio wa chakula una dalili zake za kuutambulisha: hutokea ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa 2 kupita, hurudia kila chakula kilekile kinapoliwa, na ni nadra kuja kwa kifua peke yake. Kwangu huanza kaakaa kuwasha, kisha midomo ikawa mizito, mabaka yakatoka shingoni, ndipo pumzi ikaanza kupiga mluzi. Anayekohoa usiku tu, bila kipele wala tumbo kuvurugika, heri akague godoro na jiko la mkaa kabla ya kukagua sahani. Na si lazima chakula kipite mdomoni, kwa kuwa mvuke wa sufuria ya kamba hubeba protini zinazotosha kumbana mwenye mzio mkali; ndiyo maana wapo wafanyakazi wa viwanda vya kusindika kaa na kamba wanaopata pumu ya kazini, na waokaji mikate nao huipata kwa vumbi la unga wa ngano.

Protini inayohusika zaidi katika kamba, iitwayo tropomiosini, inafanana sana na ile iliyomo katika utitiri wa vumbini na mende. Kwa hiyo mtu mwenye mzio wa vumbi anaweza kupimwa ngozi au damu, akaambiwa ana mzio wa kamba, ilhali amekuwa akiwala miaka yote bila tatizo. Kipimo bila historia ya mgonjwa hakitoshi kumkataza mtu chakula.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko kamba, ambaye angalau anaonekana, ni unga wa lishe. Ndani yake huweza kuwamo mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano, pengine ufuta au dagaa, vyote vimesagwa kwenye mashine moja na kutiwa katika mfuko usio na maelezo. Mama anaposema kwamba uji unambana mtoto, ni kipi katika hivyo? Karanga hujificha pia katika kisamvu na mchicha. Ni afadhali kumwanzishia mtoto uji wa nafaka moja na kuongeza kitu kimoja kimoja, isipokuwa kwa mtoto aliyewahi kuvimba uso au kuishiwa pumzi, ambaye hafai kujaribiwa nyumbani. Kuchelewesha karanga kwa hofu nako si kinga: utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio katika hatari kubwa, walipopewa karanga laini mapema na kuendelea nazo hadi miaka 5, walipata mzio wake pungufu kwa takriban asilimia 80.

Yako pia yanayofanana na mzio lakini si mzio wa chakula chenyewe. Salfaiti, yaani kemikali za kuhifadhi chakula ambazo kwenye pakiti huandikwa E220 hadi E228, hutiwa katika matunda makavu, mvinyo na maji ya limau ya chupa, na hata kwenye kamba ili wasiwe weusi, nazo huwabana kifua baadhi ya wenye pumu. Jodari au vibua waliokaa juani hujenga histamini, kemikali ileile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, na moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji huwaka uso, huumwa kichwa, na mwenye pumu huweza kubanwa. Wengine huacha jodari maisha yao yote, kumbe kilichokosekana ni barafu tu.

Mzio wa chakula huwa hatari zaidi kwa mtu ambaye pumu yake haijadhibitiwa. Shambulio linapochanganya mwili kuvimba na kifua kubana, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Pampu ya pumu hufuata, wala haichukui nafasi ya sindano hiyo. Mgonjwa aketi, asitembezwe. Kalamu za sindano, zenye adrenalini iliyopimwa tayari ambayo mgonjwa hujidunga mwenyewe, ni adimu na ghali huku kwetu, lakini adrenalini ya kichupa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo inafaa kuulizia mapema ni kituo gani cha jirani kinacho nayo na kinafunguliwa usiku.