Miche Niliyoihesabu

Leo nimerejea kutoka Gazi, katika Kaunti ya Kwale, ambako mafunzo yetu ya uongozi wa uhifadhi yalimalizika kwa siku mbili za kukaa na wenyeji. Nilikwenda nikijiona mzoefu. Miaka miwili iliyopita niliwaongoza vijana wa kwetu kupanda mikoko elfu mbili kwa siku moja, nikapigwa picha nikiwa na tope hadi magotini, na ripoti niliyowapelekea wafadhili ikasifiwa sana.

Mama aliyetupokea ufukweni hakuuliza tulipanda mingapi. Aliuliza, "Imebaki mingapi, mwanangu?" Nikajibu kwamba bado tunafuatilia. Ukweli ni kwamba nilikwishapita pale tulipopanda mara moja, nikaona vijiti vikavu vimeganda chaza, nikageuka upesi kabla sijaonekana.

Alinitazama kidogo, kisha akaniambia nikunje suruali. Maji yalikuwa yametoka, tukaingia naye matopeni, naye akanionyesha kwa kidole jinsi kila mti unavyokaa pahali pake: mlilana mbele kabisa, ukipokea mawimbi, mkoko wenye mbegu ndefu nyuma yake, na mkandaa karibu na nchi kavu, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yanapojaa kupita kawaida. Sisi tulichomeka mbegu ndefu za mkoko kule mbele, kwa sababu palikuwa peupe na picha zingetoka vizuri. Hakuna mvuvi hata mmoja tuliyemuuliza kwa nini pako peupe.

Darasani tulikwishaelezwa habari za Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni ulioanza 2013, ambao huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wa hekta 117 (yaani hulipwa na wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa), na fedha zake kutumika katika maji, shule na mahitaji mengine ya wanakijiji. Nilikuwa nimeyaandika yote hayo kwa utaratibu. Lakini nilichokuja kukiona huko ni ule uvumilivu wa kubishana barazani kuhusu nani atakosa boriti na kuni msitu ukilindwa, na atapata nini badala yake. Mambo ambayo mimi niliyaruka kwa kuwa yanachelewesha kazi. (Nakiri kwamba neno "uhamasishaji" limejaa katika ripoti zangu, nami sikuwahi kukaa chini kumsikiliza mtu.)

Jioni hii nimewaandikia wafadhili barua fupi kuwaeleza kwamba miche ile karibu yote ilikufa, na kwamba mahali nilipachagua mimi. Kisha nikampigia simu kijana anayeratibu kikundi chetu, nikamwambia tukutane maji yatakapotoka Jumamosi, pamoja na wazee wawili wanaotega samaki pale. Akaniuliza tubebe miche mingapi. Nikamwambia tubebe daftari.