Kifo kisicho na adui

Lubumbashi, Jumapili usiku

"Yomba, ile filamu ni kilio tupu."

Ndivyo mpwa wangu alivyonirudishia flashi yangu mchana wa leo. Nilikuwa nimempa Black Panther: Wakanda Forever, ile sehemu ya pili iliyotoka mwaka 2022, kwa kuwa ya kwanza ameikariri tangu akiwa shule ya msingi. Alingoja makucha na mateke. Anasema amepata dakika 161 za watu wanaolia, na katikati yake vita viwili vitatu vya kumpoza mtazamaji asiondoke.

Nimeiangalia upya usiku huu, nikitafuta la kumjibu. Na kusema kweli hajakosea. Ni filamu ya kilio. Ila yeye anahesabu machozi upande mmoja na mapigano upande mwingine, na mimi naona kwamba katika filamu hii mapigano yenyewe ndiyo machozi ya Shuri. Nitajaribu kueleza, maana mchana sikuwa na jibu, niliishia kumwambia aende kununua mkate.

Tuanze na yule asiyeonekana. Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Saratani ya utumbo mpana. Alikuwa ameambiwa tangu 2016, akanyamaza, akaigiza ile filamu ya kwanza ya 2018 akiwa mgonjwa na sisi huku tukimpigia makofi. Mwongozaji, Ryan Coogler, alikuwa ameshaanza kumwandikia sehemu ya pili. Amesema hadharani kwamba msiba ule nusura umtoe kabisa kwenye kazi ya filamu. Aliporudi hakutafuta mwigizaji mwingine wa kuvaa vazi la Black Panther. Alimwacha mfalme afe ndani ya hadithi kama mwenye sura hiyo alivyokufa nje yake: kwa ugonjwa, ghafla, bila kuwaaga watu.

Kwa hiyo tunaanza na Shuri, dada mtu, ndani ya maabara, akihangaika na mashine zake kutengeneza upya ule mmea wa moyo, unaompa anayeunywa nguvu na kumkutanisha na wahenga, ambao ungemwokoa kaka yake. Mgonjwa hatumwoni. Tunaona vidole vya dada na jasho lake. Kisha mama anaingia, na uso wake unatosha. Baada ya mazishi inakuja nembo ya studio, imejaa picha za Boseman, na hakuna muziki hata kidogo. Dada yangu aliinuka kwenda kuangalia spika.

Mazishi ya Wakanda ni ya nguo nyeupe, ngoma na kucheza. Kwetu nyeupe tunaiweka kwa siku ya kutoa kilio. Siku za mwanzo ni vitambaa vya giza, turubai kwenye lupango, moto wa wanaume nje, wamama kwenye mikeka ndani, daftari la michango mezani, na sufuria ya bukari, ugali wetu, ambayo haikauki. Lakini nilikijua kile kitu walichokuwa wanafanya. Mtu hazikwi na familia yake peke yake, anazikwa na mtaa mzima.

Shuri anaupita msiba huo wote kwa kusimama wima. Mwaka unapita. Mama yake, malkia Ramonda, anamchukua hadi kando ya maji, wawashe moto, wachome nguo za maombolezo, wamalize. Shuri anakataa. Anamwambia mama yake kwamba akikaa chini amfikirie kaka yake kwa muda mrefu atataka kuchoma dunia nzima na watu wake. Na ni hapo hapo, kabla maneno hayajapoa, ndipo Namor anapotoka majini.

Mara ya kwanza niliona ni mbinu tu ya kumwingiza mbaya wa hadithi. Leo naona ndiyo filamu yote. T'Challa hakuuawa na mtu. Ugonjwa hauna uso, huwezi kuupiga ngumi wala kuushitaki. Hasira ya Shuri imezunguka mwaka mzima bila mahali pa kutua, na sasa amejitokeza mfalme wa baharini mwenye mkuki na vitisho.

Hayo nimeyaona Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwenye kilio cha mtoto wa mama mdogo. Kijana alikufa kwa homa, kila mtu alijua, karatasi za hospitali zilikuwepo. Usiku wa pili wenzake wakaanza kuuliza: nani amemla? Kufika saa tisa za usiku jibu lilikuwa limepatikana, mzee mmoja wa ukoo, maskini, aliyekuwa amekaa karibu na moto na koti lake. Viti vilivunjwa. Mzee alitolewa kwa mlango wa nyuma akalale kwa majirani. Hakuna aliyemwomba msamaha mpaka leo, na kwenye vilio vya familia haonekani tena. Vijana wale niliwaona wakilia kwa mara ya kwanza wakati wanavunja viti. Kabla ya hapo walikuwa wakavu.

Basi, ukiangalia mapigano ya filamu hii kwa jicho hilo, yanabadilika. Lile la darajani Marekani, Okoye wa Wakanda na Attuma, askari wa Namor, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Okoye, jenerali asiyeshindwa, anashindwa. Anachukuliwa Shuri na mwanafunzi Riri, ambaye Namor anamwinda, yeye anabaki. Sijui kama nimewahi kumwona shujaa wa sinema akishindwa vile na kisha akapaswa kurudi nyumbani kueleza. Maana pigo lenyewe linampata baadaye, kwenye chumba cha kiti cha enzi, mbele ya Ramonda. Angela Bassett, anayemwigiza Ramonda, anainuka, na mwanamke aliyezika mume na mtoto anamvua cheo mwanamke aliyemtumikia maisha yake yote. Hakuna mkuki uliorushwa. Mpwa wangu anasema hapo alikwenda kuoga! Bassett alipata Golden Globe kwa kazi hiyo, na akatajwa kuwania Oscar. Hakuipata. Oscar ya filamu ilikwenda kwa Ruth E. Carter, kwa mavazi.

Mlolongo wa kisasi nao umepangwa kwa akili. Nakia, mpenzi wa T'Challa, anakwenda kumwokoa Shuri, na katika kumwokoa anamuua mlinzi mmoja wa Talokan, ufalme wa Namor chini ya bahari. Msichana tu, hana hata jina. Lakini kwa Namor ni mtoto wake. Anakuja na maji, anaifurika Wakanda, na Ramonda anazama akimwokoa Riri. Sasa kifo cha pili kina mwenyewe, na Shuri anambebesha vyote viwili.

Anautengeneza ule mmea. Anaunywa akitumaini kumkuta mama, au kaka. Anayemngoja huko kwa wahenga ni Killmonger, adui aliyekufa katika sehemu ya kwanza, amekaa kwenye kiti, anatabasamu. Tendo la kikatili sana, na la kweli. Uliyembeba moyoni ndiye utakayemkuta.

Nitoke kidogo njiani. Kwa mtu wa Katanga, eneo letu la migodi, ni vigumu kuiangalia filamu hii bila kuguna. Meli inayotafuta vibranium, yale madini ya kubuni ya Wakanda, chini ya bahari, mataifa makubwa yanayolalamika kwamba Wakanda haigawi madini yake, na zile hotuba za amani mezani wakati makomando wameshatumwa kuiba. Nchi yetu, Kongo, inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na mgodi wetu wa Shinkolobwe ulitoa urani iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mpwa wangu anasema vibranium ni kobalti iliyopata bahati. Makomando wenyewe ni Wafaransa, wanakamatwa Mali, na Ramonda anawapigisha magoti mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa. Waziri wa majeshi wa Ufaransa wa wakati ule, Sébastien Lecornu, alilalamika waziwazi mwezi Februari 2023. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tulirudisha kile kipande nyuma tukakiangalia tena.

Vita vya mwisho, kule melini, vimenichosha. Watu wa buluu wanapanda, wanaanguka, wanapanda tena, na zile nguo mpya za bati alizopewa Okoye hazimfai. Hapo pesa nyingi zimeliwa bure. Kinachonishika ni wawili tu kwenye mchanga mkavu, Shuri na Namor, kila mmoja ameshatobolewa, kila mmoja ana mzoga wa mji wake kichwani. M'Baku, mkuu wa kabila la milimani la Wakanda, ambaye sehemu ya kwanza alikuwa mtu wa vichekesho, alikuwa amemwonya kama mzee wa ukoo anavyoonya: ukimuua huyu ambaye watu wake wanamwita mungu, umenunua vita visivyoisha. Shuri anakumbuka, anamwona mama yake, anashusha mkuki. Katuba hapakuwa na M'Baku.

Halafu Haiti, ufukweni, anawasha moto na kuchoma nguo aliyokataa kuichoma. Sasa ndipo picha za kaka yake zinamjia.

Nina ugomvi mmoja na Coogler. Baada ya majina machache, Nakia anatokea na mtoto wa kiume, Toussaint, mtoto wa T'Challa aliyefichwa. Ukumbi mzima huwa unashangilia hapo, najua, na mama yangu alishangilia pia. Mimi naona ni fidia iliyotolewa haraka mno, kana kwamba Shuri hakuweza kuachwa na pengo lake hata dakika tano. Ningekuwa na mkasi ningeikata kwenye moto, majina yapite, taa ziwashwe, kila mtu aende kwake.