Imani ya belo mbili: Jumanne yangu kama mwanafunzi wa uzamivu

Saa 10:15 alfajiri

Simu inaita chini ya mto, naizima kabla haijaamsha watoto. Muda huu ndio tasnifu yangu inaandikwa, kwenye meza ya jikoni, kati ya chupa ya chai na sare za shule nilizopiga pasi jana. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu katika usimamizi wa biashara, hapa Dar es Salaam. Ukiwa mhadhiri msaidizi kama mimi, unafundisha huku unasoma, mchana si wako. Alfajiri ndiyo yako, tena si yote.

Natafiti mali kauli. Mtu wa Kariakoo hahitaji kuelezwa, ila kwa wengine: mwenye mzigo anampa mwenzake bidhaa bila kupokea hela, bila hati, bila dhamana. Akishauza, ataleta. Kinachoshikilia biashara yote hiyo ni kauli tu. Mimi nauliza kitu kimoja: ni nini kinachofanya ule mzigo urudi ukiwa hela?

Asubuhi hii nahangaika na sura ya pili, ya mapitio ya machapisho. Oliver Williamson, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009 pamoja na Elinor Ostrom, aliandika mwaka 1993 kwamba kwenye biashara neno imani linaleta ukungu tu. Kwake yeye watu wanapiga hesabu, wakiona faida ya kuaminika ni kubwa kuliko ya kukimbia, wanatulia. Mwanasosholojia Mark Granovetter alikuwa ameshasema mwaka 1985 kwamba biashara imezama ndani ya mahusiano ya watu, huwezi kuichomoa humo ukaitazama peke yake. Nimekaa kati ya hao wawili kama mtoto wa nyumba yenye ugomvi. Nimeandika aya moja kwa saa moja na nusu, kisha nikafuta nusu yake.

Saa 12:00

Uji, viatu, soksi moja haionekani. Baba yao yuko Dodoma kikazi, anarudi mwisho wa mwezi. Natoka mbio hadi dukani kwa Mangi: mkate, maziwa paketi mbili, mayai manne. "Andika," namwambia. Mangi anaandika bila kuinua kichwa. Gari la shule linapiga honi.

Saa 2:40

Nashuka Msimbazi, naingia mitaani kwa miguu. Begani nina bahasha nene ya vibali. Barua ya chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa wa Wilaya, ikashuka hadi kwa mtendaji, na kila ilikopita ikaongezewa muhuri. Ilinichukua miezi. Mpaka leo hakuna mfanyabiashara hata mmoja aliyeomba kuziona. Wanachouliza ni kimoja: "Wewe si wa kodi?"

Ndiyo maana fomu ya ridhaa naitoa mwishoni, tukishazoeana. Mtu akiona karatasi yenye nembo na mahali pa kusaini kabla hata hujamsalimia, biashara imekwisha. Kamati ya maadili ingetaka iwe mwanzo kabisa, kwa hiyo maelezo natoa kwa mdomo mwanzoni, narekodi anapokubali, saini inafuata. Nimeliandika hilo kwenye sura ya tatu na nitalitetea.

Saa 3:00

Mama ninayemhoji leo anauza vitenge kwa jumla karibu na Mtaa wa Congo. Nimemfuata mara tatu kabla hajakubali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo juu ya belo, viti wamekalia wateja."

Kitabu chake ni kauntabuku lililovalishwa kalenda ya zamani, upande wa picha umegeuzwa ndani. Kalamu imefungwa uzi ili isitembee. Humo hakuna jina la ubatizo hata moja. Kuna Mrefu, Mama Tunduma, Kaka wa Lushi (huyo anatoka Lubumbashi, huwa anakuja na Kiswahili chake cha kule, mama anakiigiza vizuri mno), Mwalimu wa Ifakara. Mbele ya jina, mzigo. Mbele ya mzigo, tarehe. Aliyelipa anapigwa mstari mwekundu. Kurasa nyingi ni nyekundu. Zile ambazo si nyekundu anazifunua haraka haraka.

Natoa dodoso. Nina kipimo cha imani nilichoazima kwa watafiti waliotangulia, nikakitafsiri: sentensi kadhaa, kila moja ina majibu kuanzia 1, sikubaliani kabisa, hadi 5, nakubaliana kabisa. Mtindo huo ni wa Rensis Likert, wa tangu mwaka 1932, na sisi wa shule za biashara tunauabudu. Namsomea: "Ninamwamini mteja wangu ninayempa mali kauli."

"Yupi?"

"Kwa ujumla, mama."

"Kwa ujumla hakuna mteja." Anavuta kauntabuku. "Huyu Mrefu unaniuliza? Mrefu nilianza naye pisi sita. Jioni ileile akaleta hela. Nikampa dazani. Akaleta. Kuna siku akachelewa siku nne, nikamrudisha kwenye pisi sita, hakununa. Sasa hivi Mrefu ni belo mbili."

"Kati ya moja na tano, mama?"

"Nimekwambia. Ni belo mbili."

Nikanyamaza kidogo, halafu nikauliza lile ambalo halimo kwenye dodoso: belo ya tatu je?

"Ya tatu aoe kwanza."

Duka zima likacheka, mimi nikiwemo. Lakini nilipouliza kwa nini, hakucheka tena. Mwenye mke na mtoto mjini akikimbia, anaacha kitu nyuma. Nikamuona Williamson amekaa pale juu ya vitenge: mwaka 1983 aliandika juu ya mateka katika biashara, kwamba ahadi inaaminika pale mtoa ahadi anapokuwa na kitu cha kupoteza. Mama huyu hajawahi kumsikia, lakini mateka anawajua.

Basi nikaona nimeshapata jibu, nikaanza kukusanya karatasi. Ndipo akaongeza, kama mtu anayeongea na kitabu chake: "Lakini ule mgomo."

Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa, wafanyabiashara wakagoma. Mrefu alikuwa amechukua mzigo Jumamosi. Jumatatu, milango imefungwa, hakuna ajuaye itafunguliwa lini, wala hakuna anayemtafuta mwenzake. Jumanne jioni Mrefu akabisha hodi nyumbani kwa mama, Buguruni, alikoulizia njia hadi akafika, na hela kwenye leso. "Mimi hata sikuwa nimemkumbuka," akasema mama, kisha akatulia. Kwenye kinasa sauti kuna sekunde kumi na moja ambazo unasikia toroli likipita tu.

Saa 5:30

Mrefu mwenyewe nimempata kwa mama lishe, na sahani ya wali maharage. Ni winga. Hana duka wala fremu. Anasimama barabarani, anamdaka mteja anayetafuta kitenge fulani, anajua kilipo, anakichukua dukani kwa mwenyewe bila kulipa, anamuuzia mteja kwa bei yake, anarudisha bei ya mwenye duka na kubaki na cha juu. Yaani mali kauli ya dakika ishirini. Mzigo mkubwa, zile belo, ni wa kupeleka kwa wateja wake wa mikoani, na huo unachukua siku kadhaa.

"Dokta, uliza upesi, njaa na kazi vyote vinaniita."

"Bado sijawa dokta."

"Utakuwa. Mimi nakupa kwa mali kauli."

Aliinuka mara nne katikati ya maswali kukimbilia wateja, mara mbili akarudi na hela. Kuhusu ule mgomo alieleza kwa sentensi moja tu, kwamba hela ya mtu ikilala kwako inakuzoea. Halafu simu yangu ikaita (shule, mtoto amesahau daftari la hesabu), na ilipoita kinasa sauti kikajizima. Sikugundua. Dakika ishirini na kitu za mahojiano zimekwenda hivyo. Nimekaa ngazini nikaandika kila nilichokumbuka, nikiwa na hasira za kujipiga.

Hapo kwenye ngazi ndipo lile tatizo langu jingine linapokuja kunikalia. Chuoni kila mtu anakokotoa sampuli kwa fomula ya Yamane: unachukua idadi ya watu wote, unagawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unaloruhusu. Kwa kosa la asilimia 5, watu 10,000 wanakupa 385, na hata ukiweka milioni jibu halivuki 400. Ndiyo maana tasnifu nyingi zina wahojiwa 380 na kitu, ukizifuatilia utacheka. Sasa mawinga ni wangapi? Hawamo kwenye leseni wala kwenye orodha yoyote niliyoonyeshwa. Mrefu nilipomuuliza alitazama mtaa juu na chini, akasema, "Leo au mwisho wa mwezi?"

Saa 9:00 alasiri

Msimamizi wangu alikaa na sura ya tatu wiki saba. Imerudi na alama moja tu ya maana, kwa wino mwekundu: nadharia iko wapi? Kurasa arobaini na mbili.

Lakini leo yupo, mlango uko wazi, na ana chai. Namsimulia habari ya belo mbili huku nikijisikia kama mtu aliyeokota almasi. Anasikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, hicho ulicholeta ni kikomo cha mkopo. Si imani. Huenda anampa belo mbili kwa sababu hela yake inamruhusu kupoteza belo mbili."

"Lakini Prof, yeye mwenyewe ndivyo anavyopima."

"Sawa. Kipimo ulichoazima kina alfa ya Cronbach zaidi ya 0.7. Belo ina alfa ngapi?"

Sikuwa na jibu pale, ingawa njiani nililipata: alfa inapima kama maswali mengi yanavuta upande mmoja, na belo ni swali moja, kwa hiyo kuidai alfa ni kumdai samaki miguu. Majibu mazuri huja ukiwa kwenye ngazi.

Hata hivyo nakiri amenigusa. Yule mama akishuka mtaji, Mrefu anaweza kushuka hadi belo moja bila kuwa amekosa chochote. Tumebishana karibu saa nzima, na ilikuwa saa nzuri kuliko zote tulizowahi kukaa. Mwisho kanipa hadi Ijumaa niandike ukurasa mmoja: kiwango cha mzigo kitazamwe kwa safari yake, kinavyopanda na kushuka kwa mteja mmoja, na si kwa ukubwa wake siku moja. Yale madaraja, pisi sita, dazani, kurudishwa pisi sita. Kauntabuku lote, kama mama atakubali. Kisha akasaini ripoti yangu ya maendeleo bila kuisoma. Nami sikumkumbusha.

Saa 11:00

Majaribio sitini ya mwaka wa kwanza, kanuni za menejimenti. Nimesahihisha ishirini na tatu. Kuna kijana ameandika kuwa kazi ya meneja ni "kuwepo". Nimempa nusu alama.

Saa 2:00 usiku

Watoto wamekula, mmoja anasinzia juu ya lile daftari la hesabu lililoleta balaa. Naweka spika masikioni. Kunakili mahojiano ya saa moja kunanila saa tano au sita, maana kila kikohozi kinahesabika, na Kariakoo haina ukimya. Isipokuwa zile sekunde kumi na moja. Nimeandika kwenye mabano: kimya. Nikafuta. Nikaandika: kimya, toroli linapita. Nikaiacha.

Kazi nyingine ni tafsiri, kwa sababu tasnifu naiandika kwa Kiingereza kama wenzangu wote. Mali kauli ikishavuka huko inakuwa mkopo wa kibiashara, neno safi lenye machapisho lukuki, ila kauli imedondoka njiani. Nimeamua kuacha neno lenyewe lilivyo, kwa herufi za mlazo, na kulieleza mara moja mwanzoni. Mtahini akitaka kugomba, agombe. "Ya tatu aoe kwanza" nimejaribu mara nne, na kila mara mama anatoka kama afisa mikopo wa benki.

Saa 3:30

Mangi anakaribia kufunga. Nimempelekea hela, si yote, maana mshahara bado. Anafunua daftari kwenye ukurasa wa Mama Nuru, anakata mistari mitatu.

Udadisi wa kazi ukanishinda. "Mangi, mimi mwisho wangu shilingi ngapi?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa kukopa. Ukifika ngapi utaniambia basi."

Akanitazama kuona kama natania. "Elfu ishirini na tano."

"Na mama wa chapati pale kona?"

"Yule elfu sitini."

"Mangi! Mimi nina mshahara. Nasomea udaktari wa biashara."

"Ndiyo," akasema, akifunga daftari, "lakini yule analala hapahapa kila siku. Wewe ukimaliza kusoma utahama."