Waridi la jangwani likipukutika, liache

Kila ukifika mwezi wa saba, simu yangu hujaa picha zinazofanana: kigogo kinene kitupu kwenye chungu, majani ya manjano yametapakaa sakafuni. "Kaka, ua langu linakufa, nilimwagilie mara ngapi?" Naomba weka ndoo chini kwanza. Bonyeza shina kwa kidole pale linapogusa udongo. Likiwa gumu, ua lako ni zima, limepumzika tu. Linalolegea na kubonyea ndilo lenye shida, na shida hiyo mara nyingi ni maji kupita kiasi.

Mimi ni mtu wa Same. Kwetu, upande unaotazama Mkomazi, waridi la jangwani hujiotea lenyewe mawe kwa mawe. Kiangazi kikikaza, nyasi zimekauka zote na mbuzi wanahangaika, lenyewe husimama bila jani hata moja, limejaa maua ya rangi ya waridi mpaka ncha za matawi. Maji yake limeyaweka shinani. Ukishaliona hivyo porini, huwezi tena kulimwagilia kila jioni kama mchicha.

Hapa Dar adui yake ni masika. Mvua za mwezi wa nne zikianza, vyungu vyangu navisogeza chini ya ukingo wa bati, upande unaopata jua la asubuhi. Udongo nachanganya mwenyewe: mchanga wa chengachenga na kokoto ndogo sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Chungu kiwe cha udongo, kiwe na tundu, na ile sahani ya chini iondoe, maana maji yanayotuama ndiyo yanayoozesha mizizi. Msimu wa jua namwagilia maji mengi mara moja, kisha nasubiri udongo ukauke mpaka ndani. Ua la sebuleni halitachanua. Lipe jua kali, nusu siku walau.

Jirani yangu aliniletea lake limeoza upande mmoja, linanuka. Tuliling'oa, tukaosha mizizi, nikalikata kwa kisu kilichochemshwa, kipande kwa kipande. Nyama ya kahawia ilitoka, ikafuata ya manjano, mpaka tukafika kwenye nyeupe safi inayotoa utomvu. Tukapaka mkaa uliosagwa, likakaa kivulini bila udongo hadi kidonda kikakauka kabisa, ndipo likapandwa upya. Sasa lina matawi matatu, na jirani hukigeuza chungu chake kila wiki lisiegemee upande mmoja.

Ukikata, vaa glavu na uwaweke watoto mbali. Utomvu ule una sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huuchemsha mpaka unakuwa mzito na kupaka mishale yao ya kuwindia. Ajabu ni kwamba yupo kiwavi mnene wa kijani, mwenye madoa mawili ya bluu kama macho, anayekula majani hayo usiku kucha bila kudhurika. Dawa sipulizi. Namtoa kwa mkono.

Na ukienda kununua, muulize muuzaji kama limetokana na mbegu au tawi. La tawi huchanua mapema, lakini ni nadra shina lake kunenepa kama la mbegu, na mimi shina ndilo hunipendeza zaidi. Ndiyo maana maganda yakitokea, yale mawili yaliyoachana kama pembe, nayafunga uzi kabla hayajapasuka. Kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, na upepo wa kusi hauachi hata moja. Zipande zikiwa mpya, juu juu tu kwenye mchanga wenye unyevu. Ndani ya wiki moja hivi utaona vichwa vya kijani, vimeshaanza kuvimba chini.