Kikaango cha Kaku

Julai 2009, Pune, India. Mvua ilikuwa imeshika siku ya nne bila kukatika, nami nimejifunika gubigubi nikiiwaza Mombasa, mlango ukabishwa. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, ambaye ghorofa nzima tulimwita Kaku, yaani mke wa ami kwa Kimarathi. Mkono mmoja alishika kikaango cheusi cha chuma. Mwingine ulikuwa ndani ya mtandio, umeficha mayai manne.

"Beta, mwanangu, jiko lako lina gesi?"

Mama mkwe wake hakula nyama wala yai, na hata harufu ya yai hakuitaka nyumbani mwake. Lakini mjukuu alikuwa na mtihani asubuhi ile, na alikuwa amemwomba mamake bhurji, yaani mayai ya kuvuruga yenye viungo.

Nikamkaribisha. Akakata vitunguu maji viwili vidogo vidogo, upesi, huku anazungumza. Mafuta yalipopata moto akatia bizari nzima, ikaalika, kisha vitunguu na pilipili mbichi. Nyanya akaiacha mpaka ikapondeka na mafuta yakajitenga pembeni. Hapo hakuwa na haraka hata kidogo, ingawa saa ilikuwa inamkimbia. Manjano, pilipili ya unga, chumvi. Mimi tayari nilikuwa nimeshika bakuli nimpigie mayai, kama tufanyavyo kwetu. Akatikisa kichwa, akayapasua moja kwa moja juu ya viungo, akawa anakwangua na kuvuruga bila kupumzika. Akaepua yakiwa bado yana majimaji, maana chuma kile kilikuwa na moto wa kuyamalizia.

Akafungua karatasi ya majani mabichi. Harufu ikanifika kabla sijayaona.

"Dania!" nikasema.

Akageuka. "Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Hata kwetu ni dania."

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Akalirudia neno lile mara tatu, kama anayejaribu kama kweli ni lake.

Alikuja pia na pav, vile vimkate laini vinavyouzwa vimeshikana. Neno lenyewe ni la Wareno, waliopita huko kama walivyopita kwetu wakatuachia meza na leso. Akapasua kimoja, akakijaza bhurji, akanipa kabla hajamfungia mwanawe. Nilikula nimesimama, ndimu ikinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Miezi miwili nilikuwa naishi kwa mkate mkavu na chai, na sikujua nilivyokuwa na njaa ya chakula cha kupikiwa na mtu mzima.

Kaku aliona machozi. Hakuuliza kitu. Alikiosha kikaango, akakikausha motoni, akakipaka mafuta kidogo, kisha akakitundika kwenye msumari wangu wa ukutani.

"Hiki kikae hapa," akasema. "Mayai nitakuwa nakuja nayo."